Daraja la Kilo na Tani

Lori lilisimama mchana wa jua kali, na mgeni akaambiwa ashuke.

Hakuwa amefika. Alikokuwa akienda kulibaki mwendo wa siku mbili, na hapa palikuwa mahali pa kupitia tu: barabara moja, maduka ya vipuri na kituo cha mizani chenye msururu wa malori kama siafu waliokutana na maji. Lakini mizani ilikuwa imekataa. Dereva, ambaye njia nzima alijisifu kwamba hajawahi kulala kituo chochote cha mizani, sasa alisimama mbele ya dirisha dogo la karani akiongea kwa mikono miwili.

"Dada yangu, jumla iko sawa. Soma mwenyewe."

"Jumla iko sawa," alijibu mwanamke wa ndani. "Ekseli ya nyuma haiko sawa. Magurudumu ya nyuma yamebeba kupita kiasi."

"Kanuni inasema gari lisizidi. Gari halijazidi."

"Kanuni inasema gari, kisha inasema ekseli. Wewe umesoma ukurasa wa kwanza ukafunga kitabu."

"Na kama mabomba yamesogea yenyewe kule mlimani? Kanuni inasemaje juu ya mzigo uliojisogeza?"

Karani akafikiri. Mgeni alikuwa mtu wa kuzunguka, mwenye lugha sita mdomoni na nyumba hata moja hana, na katika mipaka yote aliyovuka alikuwa ameona makarani wengi wakijifanya kufikiri. Huyu alifikiri kweli.

"Haisemi kitu," alisema mwishoni. "Na kanuni ikinyamaza, mwenye mizani anasema. Toka, geuza, uingie kinyumenyume. Tupime upande wa pili."

Alitoka nje mwenyewe. Alikuwa mfupi, wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi, buti kubwa kuliko miguu. Alizunguka lori akachungulia chini ya turubai, akagonga mabomba kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua cha mtoto. Mabomba yalikuwa yamesogea kweli. Hapakuwa na faini, ila lori halitoki mpaka mzigo upangwe upya, na kreni ya kupanga ingekuja Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Na abiria wangu?" dereva aliuliza, akimwonyesha mgeni kwa kidevu.

Karani alimpima mgeni kwa macho toka juu hadi chini, kisha akalipima begi lake. "Nina chumba ng'ambo ya barabara," alisema. "Ana kilo sitini na tano, na begi kumi na moja. Hatanivunjia kitanda."

Baadaye, kwa udadisi tu, mgeni alisimama juu ya mizani ya magunia pale kituoni. Begi lilikuwa kumi na moja na nusu.

Madereva walimwita Kilo, na hakuna aliyekumbuka jina lingine. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa amekaa nyuma ya dirisha lile. Hakupokea kitu mkononi, hakupandisha sauti. Dereva aliyekuwa na hoja alisikilizwa mpaka mwisho, na aliyekuwa na matusi alisikilizwa pia, kisha akaambiwa ekseli yake imezidi kiasi gani. Nyumbani hakuwa na kipimo cha aina yoyote. Alichota sukari kwa jicho na hakukosea.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu, na dirisha la sebuleni lilitazamana na mizani moja kwa moja, hata namba nyekundu za uzito zilisomeka ukiwa umekaa kwenye kiti. Katika kiti cha dirishani alikaa kaka yake mkubwa. Yeye aliitwa Tani. Alikuwa dereva wa masafa marefu maisha yake yote, na madereva wenzake waliona haiwezekani dada awe Kilo na kaka abaki bila cheo.

Miaka mitatu nyuma, Tani alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakaondoka karibu yote. Yaliyorudi yalirudi kwa kuchelewa na bila mpango: "chai," "ndiyo," "ngoja," na matusi mawili mazito ya barabarani ambayo Kilo aliyapokea kwa shangwe siku yaliporudi, kwa sababu yalitamkwa safi. Mengine yalikwama. Mtu akimwuliza jambo, Tani alifungua mdomo, akalitafuta neno, na kabla hajalipata mwulizaji alikuwa ameshajijibu kwa niaba yake. Baada ya miezi michache aliacha kufungua mdomo. Wageni walipokuja, aligeukia dirisha.

"Zamani alininunia mwezi mzima," Kilo alimwambia mgeni usiku wa kwanza, akikunja shuka. "Nilimshusha magunia mawili. Kaka yangu wa tumbo moja, alizidi kilo tisini, nikamwambia shusha. Mwezi mzima hakunisemesha. Lakini hapo alinyamaza kwa hiari, maneno bado anayo. Hiyo ni raha yake."

Siku ya tatu jioni mlango ulifunguliwa bila hodi, na jirani akaingia na kiti chake mkononi. Alikuwa mshonaji wa nyumba ya pili, mwanamke mnene mwenye sindano kwenye kola, na jina lake mtaani lilikuwa Vifungo. Alikuwa akiongea kabla hajaonekana.

"Shoga, huyu ndiye mgeni? Mbona umemwacha akae bure? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hatuna jembe, mpe kadi. Shemeji Tani, hujambo? Hujambo. Leo nimeshona suruali ya mtu mmoja, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi, namwambia tatizo ni suruali au ni wewe..."

"Kaa," Kilo alisema. "Tunaanza."

Vifungo alikaa, na akanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme.

Mchezo uliitwa Daraja. Tani aliuleta toka safari yake ya mwisho, na Kilo aliukuta ndani ya begi lake miezi mitatu baada ya ugonjwa, ukiwa bado na nailoni yake. Ulikuwa na kadi sitini, kila moja na namba yake, na mbao ndogo tatu za kuhesabia makosa. Hakuna anayemshinda mwenzake. Wote wanashinda au wote wanashindwa. Kila mchezaji anashika kadi sita bila kuwaonyesha wenzake. Za thelathini kushuka chini zinajenga ukingo wa kushoto, kuanzia iliyo ndogo. Za juu yake zinajenga ukingo wa kulia, kuanzia iliyo kubwa. Daraja linakutana katikati. Hakuna zamu. Unaweka kadi unapohisi wakati wake umefika. Ukiweka, na kumbe mwenzako alikuwa na iliyopaswa kutangulia, ubao umevunjika na unalazwa pembeni, upande wa mtoni. Mbao tatu zikivunjika, daraja limeanguka mtoni.

"Wanaocheza ni watatu au zaidi," Kilo alieleza. "Na hakuna kuambiana. Tangu kadi zigawiwe mpaka ya mwisho iwekwe, hakuna neno. Hakuna kuguna. Kukohoa, kama ni kifua, sawa. Kama ni ujumbe, ubao umevunjika."

"Nani anaamua kama ni kifua?"

"Mimi."

Wakacheza. Na mgeni, aliyewahi kukaa kwenye meza nyingi katika miji mingi, hakuwa ameona meza kama ile. Kadi za Tani zilisimama katika kipande cha mbao alichochongewa mfereji na dada yake, na mkono wake wa kushoto ulizichukua moja moja bila haraka. Hakutazama dirishani hata mara moja. Aliwatazama wao. Aliinua nyusi, akasubiri, akaweka kumi na nne juu ya kumi na mbili wakati mgeni alikuwa ameshaanza kuinua kumi na saba yake, na macho yake yakacheka. Pale mezani hakuna aliyekuwa na maneno, kwa hiyo hakuna aliyekosa. Mshonaji, karani, msafiri na mgonjwa walikuwa mabubu wanne, na aliyekuwa hodari kuliko wote ni mgonjwa.

Walipomaliza, ubao mmoja tu ukiwa umevunjika (wa mgeni, kwa kukohoa), Vifungo alipumua kwa nguvu akaendelea na habari ya suruali pale pale alipoiachia.

Kesho yake asubuhi, Alhamisi, mgeni aliikuta karatasi ya kanuni chini ya kopo la sukari. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kuandikwa katika safu nne, kila safu lugha yake. Safu ya Kiswahili ilikuwa ya mwisho, fupi, kazi ya mfasiri aliyekuwa anawahi basi. Kuhusu kuongea ilikuwa na maneno mawili tu: *Wachezaji wasiambiane.* Basi. Wasiambiane nini, haikusema.

Mgeni akasoma safu nyingine, kama mtu anavyoonja vyungu vya jikoni kwa watu. Ya kwanza na ya pili zilikuwa fupi vilevile. Ya tatu, ya lugha ambayo mgeni aliwahi kuishi nayo miaka mitano, ilikuwa ndefu: *Isitajwe namba yoyote mezani. Mengine yote na yasemwe, kwa maana kuzungumza ni nusu ya raha ya daraja.*

Alivuka barabara na karatasi mkononi, akiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu kilichopotea na anampelekea mwenyewe. Kilo alikuwa peke yake dirishani. Alisikiliza tafsiri mpaka mwisho, akapima lori la saruji, akalitolea hati, akapima lingine. Kisha akavua miwani.

"Siijui hiyo lugha," alisema. "Lakini sikuwa mjinga, mgeni. Nilipoisoma hiyo karatasi mara ya kwanza niliona ina pengo. Wasiambiane namba, au wasiambiane chochote? Pande zote mbili zilikuwa wazi. Nikamtazama kaka yangu amekaa kule. Tukiongea, sisi wawili tutaongea na yeye atatazama. Tukinyamaza, tumenyamaza wote." Alifuta miwani kwa pindo la koti. "Kanuni ilinyamaza. Nikasema mimi."

Mgeni aliikunja karatasi mara nne, kama alivyoikuta.

"Hiyo safu ya tatu hujaiona," Kilo alisema.

"Sijaiona."

"Na hii uione." Alitoa bahasha kwenye droo. Ilikuwa barua ya makao makuu. Mizani mpya ilikuwa imejengwa mwendo wa siku nzima mbele, kubwa, ya njia nne, na walimtaka awe mkuu wa kituo. Aripoti Jumatatu ijayo. Jibu mwisho Ijumaa.

"Hiki cheo nimekiomba mara sita," alisema. "Sita. Mara ya mwisho kaka ndiye aliyeniandikia barua, ana mwandiko mzuri. Alikuwa anao." Akairudisha barua kwenye droo. "Nitakataa kesho. Dada wa kazi wa mchana yupo, atampikia, atamfulia. Lakini mezani watabaki wawili, na mchezo ni wa watatu. Na hata wakimpata wa tatu, Vifungo bila mimi atanyamaza dakika ngapi? Wataongea. Na kaka atageukia dirisha. Nami nitakaa huko napima malori ya watu, huku sijui uzito wa nyumba yangu."

Lori lilipiga honi. Alivaa miwani.

Jioni ile Vifungo aliingia na kiti chake, akasalimu, akasimulia mguu wa suruali uliokuwa mfupi, akakaa. Kilo alichanganya kadi. Alipotaka kugawa, mkono wa kushoto wa Tani ulitua juu yake.

"Ngoja," Tani alisema.

Akavuta kopo la sukari, akatoa karatasi iliyorudishwa chini yake, akaikunjua taratibu kwa mkono mmoja, akailaza katikati ya meza. Kisha akaweka kidole juu ya safu ya tatu, akamtazama mgeni, akagonga mara mbili.

Mgeni akamtazama Kilo. Kilo alikuwa ametulia kama jiwe la mizani.

"Soma, mgeni," alisema hatimaye. "Kwa sauti. Tafsiri bila kupunguza."

Mgeni akasoma. Alipofika kwenye nusu ya raha ya daraja, Vifungo aliweka mikono yote miwili mezani.

"Rudia hapo pa mengine yote."

"Mengine yote na yasemwe."

"Miaka mitatu," Vifungo alisema polepole. "Miaka mitatu nimekaa kwenye kiti hiki nimeubana mdomo kama nimeshika pini. Mimi. Siku ile paka alipopanda juu ya kabati la shoga na nikaona akijiandaa kuruka juu ya kadi, sikusema. Siku niliyoumwa jino sikusema. Shoga, utanilipa nini?"

Lakini Kilo hakumsikia. Alikuwa akikitazama kidole cha kaka yake, kilichokuwa bado juu ya safu ya tatu, na polepole, kama namba zinavyopanda kwenye kioo cha mizani, jambo lilikuwa likimjia. Miaka kumi na tisa Tani alipeleka mizigo katika nchi ya lugha ile. Alisoma vibao vyake vya barabara, hati zake za maghala, na barua za mwanamke mmoja ambaye nyumbani hawakumwuliza habari zake.

"Kaka. Hii unaisoma."

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

Tani aliinua kidole kimoja. Siku ya kwanza.

"Siku ya kwanza ulijua ninapindisha kanuni. Kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Tani alikiondoa kidole kwenye safu ya tatu, akakipeleka bila haraka hadi safu ya mwisho, akakiweka juu ya maneno mawili: *Wachezaji wasiambiane.* Mabega yake yakaanza kutikisika. Vifungo ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kisha mgeni, na Kilo akacheka mwisho, machozi yakimpita chini ya miwani. Miaka mitatu alikuwa amembebea kaka yake mzigo, na kaka muda wote alikuwa amejiacha abebwe makusudi ili dada asijione anabeba bure.

Tani hakuwa amemaliza. Aliingiza mkono chini ya mto wa kiti chake akatoa karatasi nyingine. Ilikuwa nakala ya barua ya makao makuu; dereva mmoja, rafiki yake wa zamani, alikuwa ameiona kituoni kabla ya Kilo mwenyewe, akamletea. Akaiweka mbele ya dada yake. Alifungua mdomo. Neno lilikwama. Vifungo alivuta pumzi ili amsaidie, na Kilo akainua kiganja: mwache. Wakasubiri. Nje, lori zima lilipanda mizani na kushuka.

"Ne-nda," Tani alisema.

"Nani atakaa hapa?"

Tani aliguna, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halina haraka, akaonyesha kadi. Gawa.

Wakacheza kwa kanuni ya safu ya tatu, na hawakuwahi kucheza vibaya kama siku ile. Vifungo aliongea kuhusu paka, jino na suruali, na katikati ya suruali akaweka ishirini na tisa wakati nusu ya ukingo bado. Daraja lilianguka mtoni mara nne. Tani alizungumza maneno yasiyozidi saba jioni nzima. Mawili yalikuwa yale mazito, na alimpa Vifungo yote mawili, moja baada ya jingine, Vifungo akayapokea kwa heshima zote. Kila neno alilolitafuta walimsubiri, kwa sababu mezani walishazoea kusubiri. Miaka mitatu walikuwa wamefanya hiyo kazi tu.

Ijumaa Kilo alijibu barua. Alitumia mstari mmoja.

Jumamosi kreni ilikuja, mabomba yakapangwa. Dereva alikuwa anapita njia ile ile ya mizani mpya, ila gari lilikuwa na nafasi ya abiria mmoja tu, na hiyo ilikuwa ya mgeni. Mgeni alisema yeye hana haraka. Kule aendako hapakuwa na mtu aliyemngoja; na hapa palikuwa na chumba, na barabara ambayo dunia nzima ilipita dirishani ikipimwa. Atakaa miezi mitatu, mpaka mkuu wa mizani mpya apate likizo ya kwanza.

"Kilo sitini na tano," Kilo alisema. "Huna haraka! Nusu ya kilo hizo ni uongo, lakini asante."

Walikubaliana wacheze mchezo mmoja wakati dereva anafunga turubai. Dereva alifunga haraka kuliko walivyodhani. Honi ililia wakati Kilo ana kadi nne mkononi, na mbao mbili zimeshavunjika.

Alisimama. Akazilaza kadi zake kifudifudi mezani, akachukua karatasi, akaipitia kwa mazoea ya kazi, juu mpaka chini. "Mchezaji akiondoka katikati," alisema. "Mgeni, safu zako zinasemaje? Kadi zake zinatupwa, zinachanganywa, au zinashikwa na mwingine?"

Mgeni alisoma safu zote nne. "Hazisemi kitu."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

Kilo akamgeukia kaka yake, akasubiri. Tani alimtazama dada yake, begi lake mlangoni, zile buti kubwa zilizopakwa dawa ya viatu asubuhi ile. Kisha akamtazama mgeni, akakionyesha kiti cha Kilo kwa mkono wa kushoto.

"Kaa," alisema.

"Basi," alisema Kilo. "Mwenye meza amesema." Akaweka mkono kwenye bega la kaka yake lililolegea, akaubakiza pale kitambo, halafu akachukua begi na kutoka. Vifungo alimfuata hadi mlangoni akimpa maagizo ya namna ya kufua mapazia ya vumbi. Mgeni alikaa katika kiti ambacho bado kilikuwa na joto, akachanganya zile kadi nne na zake.

Lori lilitoka, likavuka barabara, na kwa kuwa hakuna gari linalopita kituo kile bila kupimwa, likapanda mizani. Ndani, karibu na dereva, kichwa kidogo chenye miwani kilitazama mbele. Karani mpya alichukua muda mrefu sana dirishani. Wakamwona Kilo akitoa mkono nje ya dirisha la lori na kumwonyesha karani kitu kwenye fomu yake.

"Anapimwa," Vifungo alisema akiwa amejibanza dirishani, mkono kwenye shavu. "Jamani, shoga yangu anapimwa kama saruji. Hebu nione. Arobaini na mbili, na kilo mia..."

Kiganja cha kushoto kilipiga meza.

"Namba," Tani alisema.

"Shemeji, hiyo ni namba ya lori."

"Namba." Aliuchukua ubao wa tatu, akaulaza upande wa mtoni, akasukuma kadi zote kwa Vifungo azichanganye upya. Nje lori liliruhusiwa, likatoa moshi, likashika barabara. Tani alilitazama mpaka likapinda. Kisha akageuza kiti, akalipa dirisha mgongo, akawasubiri wagawe.